GARI IPITE KWETU, NA IJAE
Jinsi kikundi kinavyoweza kupanga usafiri wa kijiji

Ndugu zetu wa vikundi, hebu tuanzie njia panda.

Ni saa kumi na mbili asubuhi, mahali fulani kati ya Kiminini na Kamukuywa, pale barabara ya maramu inapokutana na lami ya kutoka Kitale kwenda Webuye. Mama mmoja amesimama na mtungi wa maziwa. Kando yake kuna mzee mwenye fimbo, anaenda kliniki ya sukari na presha. Kuna pia msichana wa sekondari na sanduku lake la shule. Matatu zinapita zimejaa, hata hazipunguzi mwendo. Saa tatu inafika. Maziwa yameanza kuharibika, mzee amechoka kusimama na amerudi nyumbani, na msichana ataadhibiwa kwa kuchelewa.

Siku hiyo hiyo, kilomita chache kutoka hapo, matatu imekaa steji tangu asubuhi ikingoja abiria. Makanga anapiga kelele, "Wawili tutoke! Wawili tutoke!" na ndani wamekaa watu watano tu. Dereva naye analalamika ati siku hizi hakuna watu.

Abiria wanalia hakuna gari, dereva analia hakuna abiria, na wote wanasema kweli. Mara nyingi magari yapo na watu wapo, bali hawakutani saa moja, mahali pamoja. Kazi ya kuwakutanisha haihitaji pesa nyingi. Inahitaji daftari, simu na watu wanaoaminiana, na vitu hivyo vikundi vyetu vinavyo tayari. Katika makala hii tutaeleza jinsi ya kuifanya.

USAFIRI WETU ULITOKA WAPI

Ni vizuri tukumbuke kwamba usafiri wa kupinda kulingana na haja ya watu si jambo geni kwetu.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Gari la moshi lilibeba mahindi mengi kwa gharama ndogo, lakini halikuweza kupinda kwenda kwa mtu yeyote. Ulilifuata lilipo, na kwa saa yake.

Matatu zilikuja kwa njia nyingine. Zilianza Nairobi karibu na wakati wa uhuru, magari makuukuu ya watu binafsi yakibeba abiria kwa mapeni matatu, yaani senti 30, na ndipo zikapata jina. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba zinaweza kubeba abiria bila ile leseni ya usafiri iliyotakiwa kwa mabasi. Tangu hapo zikaenea kila mahali. Wazee mnakumbuka zile pikapu za "face-me", watu wameketi wakitazamana, kuku chini ya kiti na gunia juu ya paa. Ziliingia mahali ambapo basi halikuthubutu kuingia.

Boda boda ni ya kwetu kabisa huku magharibi. Ilianza Busia katika miaka ya 1960, vijana wakibeba watu kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, "border" hadi "border", na jina likabaki. Baadaye, karibu mwaka 2008, serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na pikipiki zikajaa vijijini. Leo boda boda inafika mpaka mlangoni, mchana na usiku. Kasoro yake ni bei na hatari. Inabeba mtu mmoja kwa sheria, kwa hiyo mtu huyo mmoja analipa gharama yote ya safari.

Basi angalieni. Gari kubwa ni rahisi kwa kila mtu lakini halifiki kwako. Pikipiki inafika kwako lakini ni ghali. Mpango mzuri wa usafiri ni ule unaounganisha hivi viwili, kila kimoja kifanye kazi inayokifaa.

MAMBO MAWILI YANAYOVUTANA

Kuna mambo mawili tunayoyataka katika usafiri. La kwanza ni kwamba umfikie kila mtu, hata mgonjwa, mama mjamzito, mzee na mlemavu. La pili ni kwamba gari isipoteze mafuta na wakati, ili nauli iwe ya chini na mwenye gari apate faida. Ukivuta moja sana, lingine linaumia. Tuone kwa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, nyinyi wekeni zenu.

Hesabu ya kwanza: viti. Tuseme gari ya viti 14 inatoka kijijini hadi mjini. Safari moja inamgharimu mwenye gari shilingi 1,800, ukijumlisha mafuta, malipo ya dereva na kondakta, bima, ada ya sacco na kuchakaa kwa magurudumu. Nauli ni shilingi 150.

Abiria 14 wanaleta shilingi 2,100. Mwenye gari anapata faida ya 300.
Abiria 12 wanaleta shilingi 1,800. Hapati wala hapotezi.
Abiria 4 wanaleta shilingi 600. Anapoteza 1,200.

Sasa unaelewa kwa nini dereva anakaa steji. Si roho mbaya. Akitoka na watu wanne, atatoa pesa mfukoni. Kwa hiyo atangoja, au atapandisha nauli, au atabeba watu kupita kiasi akirudi. Haya matatu yote yanamuumiza abiria.

Lakini tuseme kijiji kina watu 4 wanaosafiri kila siku, kwa siku 6. Hao ni watu 24 kwa wiki. Gari haiwezi kuja kwa ajili ya watu wanne. Watu hao hao 24 wakikubaliana kusafiri siku mbili tu, kwa mfano siku ya soko na siku ya kliniki, ni watu 12 kila siku. Gharama ya gari imelipwa. Ukiongeza magunia mawili ya viazi na kreti za mayai zinazolipiwa, dereva amepata faida. Idadi ya watu haikuongezeka hata mmoja. Walichofanya ni kukubaliana siku.

Hesabu ya pili: kona. Gari imeshabeba abiria 11. Imebaki watatu, na kila mmoja anataka ije mpaka kwake nyumbani. Kila kona inachukua dakika 10 kwenda na kurudi barabarani. Kona tatu ni dakika 30. Wale 11 walio ndani wanapoteza dakika 30 kila mmoja, jumla dakika 330, yaani saa tano na nusu za watu. Wale watatu wangetembea dakika 15 kila mmoja mpaka barabarani, jumla ingekuwa dakika 45.

Kwa hesabu hiyo mtu atasema, "Basi gari isipinde hata kidogo!" Ngoja kwanza. Tuseme mmoja wa wale watatu ni yule mzee wa fimbo. Kwake dakika 15 za kutembea hazipo. Ama gari imfikie, ama hafiki kliniki. Dakika 10 za jirani ni kitu kidogo ukilinganisha na mwezi mzima bila dawa.

Kwa hiyo kanuni tunayopendekeza kwa kila kikundi ni hii: anayeweza kutembea atembee hadi kituoni, ili gari ipate wakati wa kumfikia asiyeweza. Kama kila mtu mwenye miguu mizuri anataka kufuatwa mlangoni, gari itachelewa, dereva atachoka na njia hiyo, na atakayebaki bila usafiri ni yule asiyeweza kutembea.

NJIA NNE ZA KUPANGA

1. Uti wa mgongo. Hii ni njia kuu ambayo gari haibadilishi. Kwetu ni lami ya Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye hadi Bungoma. Huku juu kuna za Endebess, Kachibora na Kapenguria, na kule chini kuna za Kimilili, Chwele na Kapsokwony. Hapa matatu ni nyingi na hatuna haja ya kuzisumbua. Kazi ya kijiji ni kuleta watu wake mpaka kwenye uti huu.

2. Gari ya ahadi. Mnakubaliana na dereva mmoja au sacco kwamba siku fulani, saa fulani, gari itaingia kijijini na itakuta watu wasiopungua idadi fulani. Kijiji kinaahidi watu, dereva anaahidi saa. Njia hii inafaa sana siku za soko. Wale wa karibu na Chwele mnajua jinsi siku ya soko kila kitu chenye magurudumu kinavyopata abiria. Shida iko zile siku nyingine, na huko ndiko ahadi inakosaidia.

3. Kona ya kuombwa. Gari inafuata njia yake, lakini inaweza kupinda mara moja au mbili kwa mtu ambaye jina lake liliandikwa jana jioni. Haipindi kwa mtu aliyepiga kelele njiani leo asubuhi. Ili mpango huu usichelewesheni, ongezeni dakika za kona kwenye saa zenu tangu mwanzo. Kama safari ni dakika 50 na mmekubali kona mbili za dakika 10, andikeni saa moja na dakika 10. Siku ambayo hakuna kona, gari itafika mapema na hakuna atakayelalamika.

4. Tawi la boda boda. Kwa nyumba za mbali, au siku ambazo gari haiji, waendesha boda boda wawili au watatu wanaoaminika wanafanya kazi na kikundi kwa bei iliyokubaliwa mapema. Wanamleta mtu hadi njia panda kabla ya matatu kupita. Wanakuwa pia zamu ya usiku kwa dharura. Bei ikiwekwa mchana, mbele ya watu, hakuna mtu atakayeambiwa usiku wa manane alipe mara tatu.

Kikundi kinaweza kutumia zote nne. Wengi wataanza na ya pili na ya nne.

WENZETU WA NG'AMBO YA MPAKA

Mfano mmoja uko karibu nasi, mashariki mwa Uganda, ng'ambo ya Malaba.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mjamzito hufa kwa sababu ya kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika huko, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kuchelewa kwa pili ndiko jambo letu la leo. Dawa zipo hospitali, daktari yupo, lakini mama yuko kilomita kumi ndani na mvua inanyesha.

Watu wa Chuo Kikuu cha Makerere walijaribu kulitatua jambo hili katika wilaya za Kamuli na Pallisa. Mwanzoni walitoa vocha. Mama alimpa mwendesha boda boda vocha, naye akailipwa baadaye na mradi. Kina mama waliojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka sana. Ilionekana wazi kwamba wengi hawakukataa hospitali, walikosa njia ya kufika.

Lakini vocha zinategemea pesa za mfadhili, na mfadhili siku moja huondoka. Kwa hiyo kati ya mwaka 2012 na 2015 walifuata njia nyingine huko Kamuli, Pallisa na Kibuku. Walivihimiza vikundi vya kuweka akiba viweke pesa kwa ajili ya uzazi, na vikundi hivyo vipatane na wenye vyombo vya usafiri vya pale pale. Mama akipata uchungu, pesa ipo na wa kumpeleka anajulikana.

Vikundi vyetu vya mzunguko vinaweza kufanya hivyo kesho. Kama wanachama 25 kila mmoja ataweka shilingi 20 kwa wiki kando ya mchango wa kawaida, ni shilingi 500 kwa wiki, karibu 2,000 kwa mwezi. Pesa hiyo inaweza kumfikisha mgonjwa Kitale au Bungoma usiku, hata kama nyumbani kwake hakuna hata shilingi. Haba na haba hujaza kibaba.

HATA NCHI TAJIRI ZINA SHIDA HII

Mtu asifikiri kwamba ni sisi tu. Kijiji chenye watu wachache hakijazi basi, popote duniani.

Uholanzi, tangu mwaka 1977, kuna mabasi madogo ya vijiji yanayoendeshwa na wanakijiji wenyewe kwa kujitolea. Yana viti vya watu wanane tu. Kampuni ya mabasi au serikali inatoa gari, na kamati ya kijiji inapanga zamu za madereva. Ni kama harambee yetu.

Uingereza, katika jimbo la Lincolnshire, mwaka 2001 walianza mabasi madogo ya kuitwa kwa simu. Abiria anapiga simu kabla ya safari, na mwenye kupanga anaunganisha maombi ya watu wa sehemu moja. Basi dogo linawachukua na kuwafikisha mahali wanapopata basi kubwa la njia kuu. Mtaona ni uti wa mgongo na kona ya kuombwa, yale yale tuliyoeleza. Wao wana ofisi na kompyuta. Sisi tuna duka la njia panda na simu ya mwenye duka, na kwa kijiji kimoja inatosha.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya 1: Hesabuni. Kwa wiki mbili, mtu mmoja akae njia panda asubuhi na jioni na daftari. Aandike ni watu wangapi wanatoka, wanaenda wapi, saa ngapi, wamengoja muda gani, na wamelipa ngapi. Aandike pia mizigo. Msiruke hatua hii. Mkienda kwa dereva bila hesabu, mnaenda kuomba. Mkienda na hesabu, mnaenda kufanya biashara.

Hatua ya 2: Waulizeni wasioonekana njia panda. Daftari itaonyesha wanaosafiri. Haitaonyesha wale walioshindwa kusafiri. Pigeni hodi kwa wazee, walemavu, wajane, na kina mama wenye watoto wachanga. Waulizeni, "Mwezi uliopita ulitaka kwenda wapi ukashindwa?" Majibu yao yaandikwe ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 3: Chagueni siku na vituo. Angalieni siku za soko, siku za kliniki, na siku za kufungua na kufunga shule. Wekeni vituo vichache, viwili au vitatu, mahali palipo na kivuli na pa kujikinga mvua, kama vile dukani, shuleni au kanisani. Vituo vingi vinachelewesha gari.

Hatua ya 4: Ongeeni na sacco. Msimshike dereva mmoja steji peke yake. Leo yupo, kesho gari imeuzwa. Nendeni ofisini kwa sacco, watu watatu na daftari yenu. Semeni, "Tunaweza kuwapa abiria 12 kila Jumanne na Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mzigo huu. Mtatupa gari kwa nauli gani?" Mkubaliane pia safari ya kurudi. Wengi husahau kurudi, halafu mama analala mjini.

Hatua ya 5: Andikeni mapatano. Karatasi moja tu: siku, saa, vituo, nauli, idadi ya abiria, kona ngapi, na nini kitatokea upande mmoja ukivunja ahadi. Kwa mfano, abiria wakipungua 12, kikundi kitalipa nusu ya viti vilivyobaki. Gari isipokuja bila kutoa habari, safari inayofuata nauli inapungua. Bila kipengele hiki mapatano hayana meno.

Hatua ya 6: Chagueni mtu wa daftari. Awe mtu anayepatikana kila siku, kama mwenye duka. Wasafiri wanaandikisha majina kabla ya saa moja jioni, kwa mdomo au kwa simu. Saa mbili anampigia dereva: "Kesho ni 13, na kona moja kwa mzee." Apewe posho kidogo ya simu, maana kazi ya bure huisha haraka.

Hatua ya 7: Jaribuni miezi mitatu, kisha kaeni chini. Angalieni daftari. Ni siku ngapi gari ilichelewa? Viti vingapi vilibaki wazi? Wale wazee wa hatua ya 2 wamesafiri mara ngapi? Kama gari inajaa lakini wazee hawamo, mpango wenu umependelea wenye nguvu. Kama wazee wamo lakini dereva anapata hasara, mpango utakufa. Rekebisheni siku, saa, nauli au idadi ya kona, halafu mjaribu tena.

MAMBO YA SHERIA NA USALAMA

Hapa tuwe waangalifu, maana vikundi vingine vimeingia hasara kwa kutojua.

Gari ya mtu binafsi, au ya kanisa, au ya shule haifai kubeba watu kwa nauli bila leseni ya abiria na bima ya abiria. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na walioumia hawatapata kitu. Zile Probox zinazobeba watu tisa na wawili kwenye buti tunazijua sote. Nauli yake ni ndogo mpaka siku ya ajali.

Kikundi kikitaka kununua matatu yake, kijue kwamba kanuni za mwaka 2014 za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, zinataka gari ya abiria iwe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kwa hiyo mtaingia sacco iliyopo, hamtaanza peke yenu. Kwa vikundi vingi ni afadhali kuanza na mapatano bila kununua gari. Gari inakula pesa hata siku imelala.

Mikanda ya usalama na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa ziliwekwa na kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kufuatwa Februari 2004. Abiria wa kikundi wakifunga mikanda wote na kukataa kusimama ndani ya gari, dereva atajua hawa watu ni wa namna gani. Kwa boda boda, abiria ni mmoja, kofia ngumu na koti la rifleka kwa wote wawili. Mgonjwa aliyezimia au mama ambaye uchungu umezidi hafai kukaa pikipiki. Kwa hao muwe na namba ya gari moja ya karibu, na muwe mmepatana na mwenyewe kabla.

BARABARA NI SEHEMU YA MPANGO

Dereva anaangalia abiria, lakini anaangalia barabara pia. Gari ikivunjika springi mara moja, faida ya mwezi imeisha. Mara nyingi si barabara yote iliyo mbaya. Ni mahali pawili tu, kwenye bonde na kwenye kalvati iliyoziba. Kuanzia mwaka 1974, mradi wa serikali wa barabara za vijijini ulitengeneza barabara nyingi Kenya kwa jembe na toroli, wananchi wakilipwa kwa kazi yao. Siku mbili za kikundi kuzibua mitaro kabla ya mvua za Machi zinaweza kuifanya gari iendelee kuja mpaka Agosti.

Mahali panapohitaji daraja au tingatinga, hiyo ni kazi ya serikali. Katiba ya mwaka 2010 inaziweka barabara za kaunti na usafiri wa umma wa barabarani katika kazi za kaunti. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Mkutano wa bajeti ukiitwa, Trans Nzoia au Bungoma, nendeni na ile daftari. Kusema "barabara yetu ni mbaya" kila kijiji kinasema. Lakini mkisema, "Wiki tatu za mvua gari haikuingia, na watu kumi na wanane walikosa kliniki, majina haya hapa," hilo litasikika zaidi.

TUNAMALIZIA

Mpango huu hautampendeza kila mtu kila siku. Mwenye haraka atasema kona zinachelewesha. Mwenye nyumba ya mbali atasema kituo kiko mbali. Mwenyekiti atasikia maneno. Ndiyo maana kanuni zikubaliwe mkutanoni, na wote wawepo, kabla gari ya kwanza haijaingia. Anayengojea dakika kumi leo kwa ajili ya mzee akumbuke kwamba miaka ishirini ijayo yeye ndiye atakayeshika fimbo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni nani alishindwa kufika hospitali, sokoni au shuleni mwezi uliopita kwa kukosa usafiri?
2. Watu wangapi husafiri kila wiki? Wakikubaliana siku mbili, gari itajaa?
3. Ni nani kati yetu anaweza kutembea hadi kituoni, na ni nani gari inapaswa kumfuata?
4. Tunaweza kuweka kando shilingi ngapi kila wiki kwa safari za dharura, na nani atashika pesa hizo?
5. Ni boda boda gani tunaowaamini usiku, na bei yao tuliikubali lini?
6. Ni mahali pawili gani kwenye barabara yetu panapofukuza magari wakati wa mvua, na tutaanza kupatengeneza siku gani?